Kitenzi 'Improve' na Visawe Vyake: Maana na Matumizi ya -endeleza na -jiendeleza, pamoja na Mifano kutoka Karagwe na Kyerwa

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza ambavyo mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania hukutana navyo mapema ni 'improve'. Hukiona kimeandikwa na mwalimu chini ya zoezi lake, hukisoma katika kitabu cha kilimo, na baadaye hukikuta katika barua ya kuomba kazi. Kwa kuwa ni kitenzi cha kila siku, watu wengi hudhani kwamba kukitafsiri hakuna matatizo. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinacholingana nacho. Kina kundi la vitenzi vilivyogawana kazi hiyo, na mgawanyo huo una misingi ya kisarufi na ya kijamii pia. Tutashughulikia zaidi -endeleza na -jiendeleza, kwani ndivyo vinavyobeba dhana ya mtu kuifanya hali yake iwe bora kuliko ilivyokuwa.

Mifano yetu imeelekezwa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya hizi mbili zilikuwa moja hadi mwaka 2012, na kihistoria ni sehemu ya himaya ya zamani ya Karagwe ambayo makao yake yalikuwa Bweranyange. Sababu ya kuzichagua ni ya kiisimu. Wakazi wengi huko huanza maisha yao na Runyambo, hupata elimu ya msingi kwa Kiswahili, na wale wanaoendelea hufundishwa kwa Kiingereza katika sekondari. Kwa hiyo dhana moja hupita katika lugha tatu ndani ya maisha ya mtu mmoja, na mahali kama hapo tofauti za maana hujitokeza wazi. Baadhi ya sentensi zilizomo humu zimetungwa ili kupima mipaka ya kisarufi. Alama ya nyota inaonyesha sentensi isiyokubalika.

2.0 Asili na Tabia ya 'Improve'

Kitenzi 'improve' kiliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha Wanormani waliokaa Uingereza. Shina lake ni neno la Kifaransa cha kale 'prou', lenye maana ya faida. Maana yake ya awali, kwa hiyo, haikuwa kufanya kitu kiwe kizuri bali kukifanya kilete faida, na kitu chenyewe mara nyingi kilikuwa ardhi. Mtu aliyezungushia ua ardhi ya wazi na kuilima alisemekana kuwa ameitendea kitendo hicho. Maana ya jumla ya kufanya kitu kiwe bora ilienea baadaye, na ile ya mtu kujitendea mwenyewe ilipata nguvu kubwa katika karne ya 19. Kitabu cha Samuel Smiles, Self-Help, kilichotolewa London mwaka 1859, ni ushahidi mmoja wa wakati ambapo juhudi ya mtu binafsi ilifanywa kuwa fundisho la jamii nzima.

Kisintaksia, kitenzi hiki kinaweza kuchukua shamirisho au kuachwa bila shamirisho, na umbo lake lisibadilike. Mwingereza anaweza kukitumia kwa mwalimu anayefanya masomo yawe bora, na vilevile kwa masomo yenyewe yanayokuwa bora bila mtendaji kutajwa. Tabia hii ina athari kubwa katika tafsiri. Kiswahili hutofautisha hali hizo mbili kwa viambishi: -imarika na -imarisha, -boreka na -boresha, -endelea na -endeleza. Taarifa ya Kiingereza inaposema tu kwamba hali za maisha zimekuwa bora, mtafsiri hana budi kuchagua kati ya 'zimeboreka' na 'zimeboreshwa'. La kwanza linaeleza hali tu. La pili linadai kwamba kuna aliyezifanya ziwe hivyo, na katika taarifa ya serikali au ya shirika msomaji atamtafuta mtendaji huyo na kumpa sifa. Uchaguzi wa kiambishi, kwa hiyo, unaweza kuingiza dai ambalo halikuwamo katika matini ya asili.

3.0 Visawe vya 'Improve' katika Kiswahili

Tutazame kwanza sentensi zifuatazo:

(1) Mgonjwa amepata nafuu.
(2) *Mgonjwa ameboreshwa.
(3) Halmashauri imeboresha huduma za zahanati.
(4) Mwandiko wake umetengenea.
(5) Kijana yule amejirekebisha.
(6) Migomba imestawi.
(7) Akina mama wa kikundi wamejikwamua.

Katika zote, isipokuwa (2), Kiingereza kingeweza kutumia 'improve' bila kumshangaza msikilizaji. Kiswahili kinatenganisha. Neno nafuu limetokana na Kiarabu, kwa mzizi wenye maana ya kufaa au kuleta manufaa. Hapa kuna jambo la kuvutia: Kiingereza na Kiswahili vyote viwili vimechota kwenye dhana ya faida, lakini Kiswahili kimeiweka katika unafuu wa bei na wa mgonjwa, ilhali Kiingereza kiliianzia katika ardhi.

Kitenzi -boresha kimetokana na kivumishi bora. Kimeenea sana katika lugha ya mipango, pamoja na misemo kama kilimo bora, afya bora, na kaulimbiu ya uchaguzi ya mwaka 2005 kuhusu maisha bora kwa kila Mtanzania. Sifa yake ni kwamba kinadokeza kipimo kilicho nje ya kitu chenyewe. Mtu huboresha kitu ili kifikie kiwango fulani. Ndiyo sababu hupatana na huduma, mbegu, barabara na mitaala, na husita mbele ya mtu, kama (2) inavyoonyesha. Tume inayosimamia uchaguzi nchini huzungumzia kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Hapo maana yake ni kuongeza majina mapya, kurekebisha taarifa na kuondoa majina ya waliopoteza sifa, jambo ambalo Kiingereza hakiliiti 'improve' hata kidogo. Hivyo hata kisawe kinachoonekana kuwa karibu zaidi kina eneo lake chenyewe.

Kitenzi -jirekebisha kinadokeza kosa. Huwezi kumwambia mtu ajirekebishe bila kumaanisha kwamba alikuwa amepotoka. Kitenzi -jikwamua, kwa upande wake, kinatokana na -kwama, na kinadokeza kwamba mhusika alikuwa amenasa. Haya ni madokezo yanayobaki hata sentensi ikikanushwa: 'hajajikwamua' bado inatuambia kwamba amekwama. Anayekichagua kitenzi ameshatoa hukumu juu ya hali ya mwanzo ya mtu anayezungumziwa.

4.0 Mofolojia na Maana za -endeleza

Asili ya kitenzi -endeleza ni -enda. Kutoka hapo tunapata -endelea, chenye kiambishi cha kutendea kilichorudufiwa kama katika -shikilia, -tupilia na -pendelea. Katika vitenzi vya aina hii kiambishi hicho hakimtaji mtendewa. Kinaeleza kitendo kinachoshikiliwa au kinachokwenda mbali zaidi. Kwa hiyo -endelea kwa asili ni kwenda bila kukoma. Kikiingizwa katika kauli ya kutendesha, -elea hugeuka -eleza, kama -potea inavyogeuka -poteza na -sogea inavyogeuka -sogeza.

Maana za -endeleza ni tatu. Ya kwanza ni kufanya jambo lisikome. Ya pili ni kufanya jambo lipige hatua. Ya tatu, ambayo vijana wa leo wanaijua kidogo, ni kuandika neno herufi kwa herufi kwa tahajia iliyo sahihi. Zote tatu zimeunganishwa na wazo la mfululizo. Kinachotofautisha mbili za kwanza si umbo la kitenzi bali aina ya shamirisho:

(8) Ameendeleza ugomvi wa baba yake.
(9) Ameendeleza kiwanja chake.
(10) Ameendeleza kibanja cha baba yake.

Hakuna atakayeifasiri (8) kwamba ugomvi umefanywa kuwa bora. Wala hakuna atakayeifasiri (9) kwamba kiwanja kimefanywa kisikome. Maana yake ni kwamba kimejengwa. Lakini (10) ina utata. Kibanja, kama wasomaji wengi wanavyojua, ni shamba linalozunguka makazi katika mkoa wa Kagera, lenye migomba, kahawa na maharage. Aliyekirithi anaweza kuwa amekitunza tu kisife, au anaweza kuwa amekifanya kitoe mazao mengi kuliko zamani. Kwa mkulima wa Karagwe tofauti hiyo ni ndogo, maana kibanja kisichotiwa samadi na kutandazwa nyasi kila mwaka hurudi nyuma. Kukidumisha na kukikuza ni kazi ile ile. Kiswahili kinaziweka dhana hizo mbili chini ya kitenzi kimoja, na kwa mkulima huyu ni sawa kabisa. Kiingereza, kwa kuzitenganisha, kinamlazimisha aseme ni ipi.

Nomino zilizotokana na mashina haya zimejigawia kazi kwa utaratibu. Kutoka -endelea tumepata maendeleo na mwendeleo. Kutoka -endeleza tumepata mwendelezo, uendelezaji na maendelezo. Neno maendelezo linastahili kuangaliwa, kwa kuwa limekuwa istilahi ya ardhi. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinatambua fidia kwa kile kilichoongezwa katika ardhi kwa mtaji au kazi ya anayeimiliki. Humo huhesabiwa majengo, miti na mazao yaliyo shambani.  Sasa udongo wa kibanja umetengenezwa kwa vizazi kadhaa kwa samadi na nyasi zilizobebwa kutoka rweya, yaani mbuga za wazi zilizo nje ya makazi. Je, rutuba hiyo ni maendelezo, au ni matokeo ya kilimo cha kawaida? Mwenye kibanja anayetakiwa kupisha barabara atajibu kwa namna moja, na mthamini huenda akajibu kwa namna nyingine. Suala ni la fedha, lakini linaamuliwa na maana ya maneno.

5.0 Kitenzi -jiendeleza

Kiambishi ji- kinapoongezwa, maana ya kwanza ya -endeleza hutoweka kabisa. 'Amejiendeleza' haiwezi kumaanisha kwamba mtu amejifanya asikome. Hubaki maana ya kupiga hatua, tena kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba mtenda lazima awe na nia:

(11) Mwalimu yule amejiendeleza hadi akapata shahada.
(12) *Migomba imejiendeleza.

Sharti la pili linahusu uwanja wa maana. Kitenzi hiki kikiachwa peke yake, msikilizaji huelewa kwamba mhusika amepata elimu zaidi. Ili kieleweke vingine, sharti kiongezewe kielezi:

(13) Amejiendeleza.
(14) Amejiendeleza kibiashara.

Hatuna budi kuuliza kwa nini elimu imekuwa tafsiri ya kawaida ya (13). Jibu limo katika historia ya nchi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria mwaka 1975. Na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikampa mtumishi aliye mbali na Dar es Salaam nafasi ya kusoma bila kuacha kazi yake. Katika mazingira hayo kitenzi kilipata marafiki wa kudumu: kujiendeleza kielimu, ruhusa ya kujiendeleza, watumishi waliojiendeleza. Hatimaye marafiki hao walidondoka na kitenzi kikabaki na maana yao.

Siasa nayo ilikiongezea uzito. Katika maandishi yake ya mwaka 1968 kuhusu uhuru na maendeleo, Mwalimu Nyerere alitoa hoja kwamba binadamu haendelezwi na mwingine kama nyumba ijengwavyo. Maendeleo yake hutokana na yeye mwenyewe kushiriki katika kufikiri, kuamua na kutenda. Mwanaisimu ataona kwamba hoja hiyo ya kisiasa ina umbo la kisarufi. Inadai kwamba kitenzi -endeleza, kinapomhusu binadamu, mtenda na mtendwa wawe mtu yule yule. Yaani inadai ji-.

Dai hilo lilikuwa na maana ya pekee katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, kama Kagera ulivyoitwa zamani. Katika umilikaji wa nyarubanja, mtu aliweza kutunza migomba kwa miaka mingi juu ya ardhi ambayo haki yake ya juu ilikuwa ya bwana, na kumlipa bwana huyo. Mtu huyo aliendeleza, lakini hakujiendeleza. Sheria ya mwaka 1965 ilianza kuufuta mfumo huo. Ni wazi kwamba kiambishi kidogo cha silabi moja kinaweza kubeba swali la nani anafaidika na jasho la nani.

6.0 Runyambo na Lugha Dada

Runyambo ni mojawapo ya lugha za kundi la Rutara, pamoja na Kihaya, Kizinza, Kikerewe, na Runyankore na Rukiga za Uganda. Sarufi yake imeelezwa kwa kina na J. M. Rugemalira. Lugha hizi zina kiambishi cha kujitendea -e-, kinachofanya kazi inayofanana na ya ji-: kutoka okutema hupatikana okwetema, mtu kujikata mwenyewe. Kwa hiyo Mnyambo anapojifunza -jiendeleza hapati shida na muundo wake.

Shida iko katika maana. Kitenzi okugenda kina asili moja na -enda. Lakini katika Runyankore, shina hilo likirefushwa kwa kiambishi cha kutendea kilichorudufiwa, hupatikana okugyenderera, chenye maana ya kukusudia. Na kutokana nacho ekigyendererwa, yaani lengo. Mzizi ni mmoja na urefushaji ni wa aina moja, lakini Kiswahili kimefika kwenye kupiga hatua na Runyankore kwenye nia. Kwa dhana ya maendeleo Runyankore hutumia entunguuka, neno lisilohusiana na mwendo. Hivyo si kweli kwamba kila jamii ya Kibantu huyatazama maendeleo kama safari. Hiyo ni njia ya Kiswahili, na mwalimu asiichukulie kuwa ndiyo fikra ya asili ya kila mwanafunzi.

Mfano wa pili unahusu kujifunza. Kiswahili huanza na -funza, kisha huongeza ji- ili kupata -jifunza. Anayejifunza, kwa umbo la neno, ni anayejifundisha mwenyewe. Lugha za Rutara huenda kinyume. Huanza na okwega, kujifunza, kisha huongeza kiambishi cha kutendesha ili kupata okwegesa, kufundisha. Mwalimu ni mtu anayemfanya mwingine ajifunze. Vokali -e- iliyo katika okwega isichanganywe na ile ya kujitendea. Ni sehemu ya mzizi, ambao huelekea kuwa na asili moja na -iga ya Kiswahili na okuyiga ya Luganda. Katika Kiswahili kitendo cha msingi ni cha anayefundisha; katika Rutara ni cha anayejifunza. Mtoto wa Nkwenda au Kayanga anakuja shuleni na mpangilio huo wa pili.

7.0 Matumizi katika Shule na Jamii

Turudi kwenye daftari la mwanafunzi. Mwalimu wa Kiingereza huandika 'improve' kama amri, bila shamirisho. Mwalimu wa Kiswahili, katika nafasi ile ile, huandika 'jitahidi'. Haya si maneno yenye maana moja. La Kiingereza linadai matokeo: alama zipande. La Kiswahili linadai juhudi, na mtoto aliyejitahidi akapata alama zile zile amekwisha kulitii. Mwalimu akiandika 'jirekebishe', amehama kutoka kwenye alama na kuingia kwenye tabia; mzazi atakayelisoma neno hilo atauliza mtoto amefanya kosa gani. Walimu wanaotafsiri ripoti za shule kwa ajili ya wazazi wanapaswa kulijua hilo, kwani adhabu ya nyumbani inaweza kutokana na kisawe kilichochaguliwa vibaya.

Katika jamii pana tatizo ni la haki ya kutajwa. Tumeona kwamba 'amejiendeleza' bila kielezi humwendea mwenye cheti. Mkulima aliyepanda upya mibuni ya babu yake, akajifunza kukausha kahawa hata ikapokewa bila kasoro katika chama cha msingi, husemwa kwamba amepiga hatua, au ameinuka, au ana unafuu. Mama aliyelipa ada za watoto kutokana na kikundi cha kuweka na kukopa husemwa kwamba amejikwamua. Ni nadra wao kusemwa kwamba wamejiendeleza, ingawa kisarufi hakuna kinachozuia: wana nia, wana juhudi, na wamepiga hatua. Kilichowazuia ni desturi ya matumizi, ambayo imekifunga kitenzi kwenye darasa. Matokeo yake ni kwamba kijana anaposhauriwa ajiendeleze, husikia kwamba ni lazima aondoke. Na anayebaki kijijini huhesabiwa kuwa hajajiendeleza hata kama kibanja chake ni cha mfano.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba 'improve' hakina kisawe kimoja, kwamba -endeleza hupata maana yake kutokana na shamirisho, na kwamba -jiendeleza kina masharti ya nia na uwanja wa elimu. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kamusi za Kiingereza na Kiswahili zisitoe orodha tupu ya visawe chini ya kidahizo hiki, bali zionyeshe kila kisawe kinafuatana na nomino za aina gani. Pili, walimu wa tafsiri waanze na swali la mtendaji: nani amefanya, na kwa faida ya nani? Tatu, maafisa ugani, wahariri wa redio na waandishi wa vitabu vya kiada wasisite kusema kwamba mkulima amejiendeleza pale anapostahili. Upanuzi huo hauivunji sarufi yoyote. Unakirudishia kitenzi upana ambao mzizi wake, -enda, ulikuwa nao tangu awali.